Tuache Kuusingizia Umeme

Kila nyumba inapoungua katika mji wetu huu wa Dar es Salaam, maneno huwa ni yaleyale. Jirani anasema, "Ni shoti ya umeme." Mjumbe anakubali kuwa ni shoti. Gazeti la kesho yake linaandika kwamba chanzo kinasadikiwa kuwa ni hitilafu ya umeme. Mwenye nyumba anashika tama, waliokuja kumpa pole wanamwambia kuwa ni mapenzi ya Mungu, na mambo yanaishia hapo. Baada ya mwezi mmoja ukuta umepakwa rangi, mabati mapya yamepigwa, na fundi yuleyale ameitwa kurudisha umeme.

Mimi nimelichoka neno hilo. Shoti haina miguu. Haikuondoka Kidatu au Mtera, ikapita nguzo zote za njiani, ikaziruka nyumba elfu, ikachagua chumba cha mama mmoja wa Mbagala. Shoti hutengenezwa mlemle ndani ya nyumba, na watu, polepole, kwa muda wa miaka. Hoja yangu katika sura hii ni moja tu, nami nitaisema bila kuzungukazunguka: waya unapoungua ndani ya nyumba ya kupangisha, mtu wa kwanza kuulizwa ni mwenye nyumba. Si mpangaji, si TANESCO, wala si Mwenyezi Mungu. Ninalisema hili nikiwa mwenye nyumba, tena mwenye kosa.

Nilijenga Mbagala mwaka 1998. Ilikuwa nyumba ya vyumba sita na ukumbi katikati, kama zilivyo nyumba nyingi za Temeke, Tandika, Manzese na Mwananyamala. Fundi umeme alipokuja kutandaza nyaya aliniambia, "Mwalimu, kwenye soketi tuweke waya wa 2.5, na tugawe nyumba mara mbili au tatu." Nikamuuliza bei. Alipoitaja, nikamwambia aweke ule mwembamba wa 1.5 kila mahali, na kwamba laini moja ingetosha. Maneno yangu nayakumbuka vizuri. Nilisema, "Wapangaji watatumia nini zaidi ya taa na redio?" Fundi hakubisha. Fundi gani wa mtaani anayembishia mwenye fedha?

Fedha niliyookoa niliiongeza kwenye mlango wa mbele, mlango wa mninga wenye nakshi. Mlango ule upo hadi leo na kila mgeni anausifu. Waya haujasifiwa na mgeni hata mmoja, kwa kuwa hauonekani.

Sasa msomaji ajue ni nani aliyesema maneno yale. Mimi niliandaliwa katika chuo cha ualimu, nikafundisha fizikia na hesabu miaka mingi, kisha nikawa mkuu wa shule hadi nilipostaafu. Kanuni ya Ohm niliiandika ubaoni mara nyingi kuliko nilivyoandika jina langu. Mwaka uleule niliomtuma fundi kuweka waya mwembamba, nilikuwa nikiwasahihishia vijana maswali ya mkondo, volti na ukinzani, na aliyekosea nilimwekea mkasi kwa wino mwekundu.

Usiku mmoja wa mwaka 2016 tulisikia harufu ya plastiki inayoungua, kisha moshi ukatoka kwenye dari. Chumba kilichoshika moto kilikuwa cha mama mmoja mshonaji. Vijana wa mtaa waliuzima kwa mchanga, na mmoja wao alikuwa na akili ya kukimbilia kwenye swichi kuu na kuizima kwanza. Hakuna aliyekufa. Lakini mama yule alipoteza godoro lake, cherehani chake na vitenge vya wateja wake vya harusi ya Jumamosi. Asubuhi yake nilimwita uani, mbele ya majirani, nikamwambia kwamba chanzo ni pasi yake. Nilisema nilikwisha kuwakataza kutumia pasi wote kwa pamoja. Nikamtaka achangie matengenezo. Akachangia. Mwisho wa mwezi akahama bila kusema neno.

Wiki moja baadaye fundi mwingine alifungua dari. Akaniita nipande ngazi nione mwenyewe. Niliona waya mmoja wa 1.5 uliotoka kwenye fyuzi moja na kuvilisha vyumba vyote sita. Kila ulipogawanyika, ulikuwa umesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu nyeusi ambayo ilikwisha kukauka na kufunguka. Kwenye kishikio cha fyuzi palikuwa na kipande cha waya mnene wa shaba. Fundi akaniuliza, "Mwalimu, hii kazi alifunga nani?" Sikumjibu.

Naomba msomaji anivumilie nirudi darasani kidogo, maana jambo hili si la wataalamu peke yao. Mtu anayejua kugawanya anaweza kulielewa.

Umeme wa majumbani mwetu ni wa volti 230. Ukitaka kujua chombo kinavuta mkondo kiasi gani, chukua wati zilizoandikwa nyuma yake, gawanya kwa 230. Jibu ni ampea. Pasi ya wati 1,000 inavuta ampea 4 na kidogo. Birika la umeme la wati 2,000 linakaribia ampea 9. Jiko la sahani mbili laweza kufika hapo au kupita. Redio, simu na balbu za kisasa hazivuti hata ampea moja. Ndiyo kusema kinachochosha waya ni vyombo vinavyotoa joto: pasi, birika, jiko, hita ya maji. Hivyo ndivyo vya kuhesabu.

Waya nao una uwezo wake. Namba 1.5 au 2.5 iliyoandikwa juu ya plastiki ni eneo la shaba likikatwa, kwa milimita za mraba. Waya wa 1.5 huchukua kati ya ampea 13 na 17 hivi, kufuatana na namna ulivyolazwa. Wa 2.5 huchukua kama 18 hadi 24. Hesabu hizo ni za mahali penye ubaridi wa kiasi. Waya uliolala chini ya mabati ya Dar es Salaam saa saba mchana uko kwenye tanuri tayari kabla haujabeba chochote, kwa hiyo uwezo wake unapungua. Ndiyo maana mafundi wanaojua kazi huweka 1.5 kwa taa tu, 2.5 kwa soketi, na 4 au 6 kwa jiko, tena jiko likiwa na njia yake peke yake.

Sasa tuifanye hesabu ya nyumba yangu. Vyumba 6, kila kimoja kikiwasha chombo cha wati 1,000 jioni moja, ni wati 6,000. Gawanya kwa 230, ni ampea 26. Waya wangu ulikuwa wa kubeba ampea 13 kwa usalama, nami nikaupa mara mbili yake. Hapa ndipo penye jambo ambalo nililifundisha na sikulijali: joto ndani ya waya halipandi sawa na mkondo, hupanda kwa mraba wake. Mkondo ukiwa mara mbili, joto ni mara nne. Ukiwa mara tatu, ni mara tisa.

Plastiki ya kawaida inayofunika nyaya za nyumba imekusudiwa kuvumilia joto la nyuzi 70. Ikizidishiwa haiungui siku hiyohiyo. Inakuwa ngumu, inapasuka, inaanza kumomonyoka kama gamba la muhogo uliokauka. Inachukua mwaka, miaka mitano, au miaka 18 kama ilivyokuwa kwangu. Kisha siku moja nyaya mbili zilizokuwa zimetenganishwa zinagusana, cheche zinaruka, na sisi tunakuja na ndoo za mchanga tukisema, "Shoti!" Shoti ni siku ya mwisho ya ugonjwa wa miaka mingi. Pasi ya mama mshonaji ilikuwa tu chombo kilichokuwa kimechomekwa siku mgonjwa alipokata roho.

Mtu atauliza: fyuzi ilikuwa wapi? Swali zuri. Watu wengi wanadhani fyuzi au breka imewekwa kulinda friji na televisheni. Sivyo. Imewekwa kulinda waya uliomo ukutani. Kwa hiyo kanuni yake ni nyepesi: fyuzi lazima iwe dhaifu kuliko waya unaoifuata, ili jambo likizidi ikatike yenyewe kabla ya waya kupata moto. Waya wa taa wa 1.5 unawekewa breka ya ampea 6 au 10. Waya wa soketi wa 2.5 unawekewa ya 16 au 20. Ukiweka waya wa shaba mnene mahali pa uzi wa fyuzi, umeifuta fyuzi. Kuanzia hapo fyuzi ni nyumba nzima, na kitakachokatika kwanza ni dari.

Lakini sisi tunafanya nini breka inapokatakata? Tunamwita fundi aibadilishe, aweke kubwa zaidi. "Niwekee ya 32, hii inasumbua." Ni sawa na mtu aliyekerwa na mbwa wake kubweka usiku, akamfunga mdomo kwa kamba, kisha akasifu usingizi alioupata. Breka inayokatakata inakuambia kwamba waya umelemewa au kuna kiungio kibovu. Tafuta kinachoilemea. Usimfunge mlinzi mdomo.

Jambo la pili ambalo nyumba zetu nyingi hazina ni waya wa ethi, yaani ule unaotoka kwenye soketi hadi kwenye fimbo iliyozikwa ardhini. Kazi yake ni kwamba umeme ukivuja na kugusa bodi ya friji au pasi, uwe na njia nyepesi ya kwenda ardhini na fyuzi ikatike. Kama njia hiyo haipo, umeme unabaki kwenye bodi ukimsubiri mtu mwenye miguu mitupu. Nyumba ngapi za Mbagala na Kimara unafungua friji na kusikia vidole vinawashwa, na mwenyeji anakucheka akisema, "Vaa ndala, Mzee, hilo friji letu lina umeme"? Wanalizungumza kama mbuzi mwenye tabia ya kupiga kichwa. Watoto wanakua wakijua kwamba friji hufunguliwa kwa kitambaa.

Tena soketi zetu ni za matundu matatu, mfano wa Kiingereza. Tundu la juu ni la ethi, na jino lake ni refu kuliko mengine kwa makusudi: linaingia kwanza, na ndilo linalofungua vifuniko vya matundu mawili ya chini ili mtoto asichokoe. Sisi tumegundua kwamba ukichomeka kalamu au kijiti kwenye tundu la juu, vifuniko vinafunguka na plagi ya meno mawili inaingia. Nimeliona jambo hilo katika nyumba za wasomi, na nimeliona hata kwenye ofisi za walimu. Chombo kingine kimetengenezwa kwa meno mawili kwa sababu bodi yake ni ya plastiki yenye kinga maradufu. Hicho kinahitaji adapta tu. Lakini pasi au jiko la chuma lililokatwa plagi yake na kuchomekwa kwa kijiti limenyang'anywa ulinzi wake wote.

Na hata ethi peke yake haitoshi katika mchanga wetu. Mchanga mkavu wa Temeke mwezi wa tisa haupitishi umeme vizuri, na fundi aliyechimbia kipande cha nondo cha urefu wa mkono amechimbia pambo. Ndiyo maana ipo breka ya uvujaji, ile yenye kitufe cha kujaribia kilichoandikwa herufi T. Yenyewe hupima mkondo unaotoka na unaorudi. Ikiona kwamba miliampea 30 hazikurudi, hukata mara moja, kwa kuwa huenda zimepita kwa mtu. Ili msomaji apate picha: balbu ya zamani ya wati 60 huvuta miliampea 260. Mkondo unaowasha balbu moja ni karibu mara tisa ya ule ambao breka hiyo haikubali kuuachia. Breka ya kawaida ya ampea 16 itamtazama mtu akifa wala haitashtuka. Haikuwekwa kwa ajili yake.

Nazijua sababu tunazojitetea nazo, maana zote nimezitumia.

Ya kwanza ni kwamba TANESCO ndiyo yenye makosa: umeme unakatika na kurudi kwa nguvu. Ni kweli umeme ukirudi vibaya huweza kuua televisheni na friji, na wananchi wana haki ya kulalamika. Lakini TANESCO huishia kwenye mita. Kutoka kwenye mita kuingia ndani ni mali yako, na umeme wa kuyeyusha waya unavutwa na vyombo vilivyomo ndani. Hakuna mtu wa TANESCO aliyekuja kunishauri ninunue mlango wa mninga.

Ya pili ni kwamba kosa ni la mafundi. Wapo vishoka, hilo halina ubishi. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 ipo, na EWURA hutoa leseni za kufunga umeme kwa madaraja, kila daraja na kazi yake. VETA nayo imekuwapo tangu sheria yake ya mwaka 1994, na vijana wanaofunzwa vizuri wapo. Lakini kishoka anaishi kwa sababu ana wateja, na wateja ni sisi. Nilipoomba umeme, ulihitajika mchoro wenye mhuri wa mkandarasi. Nikapelekewa mhuri na mtu ambaye mkandarasi wake hakuwahi kuiona nyumba yangu, hata paa lake. Nililipia mhuri kama mtu anayelipia stempu ya barua. Leo nikisema "mafundi hawana maadili," nitakuwa namsema nani?

Ya tatu ni umaskini. Hii naiheshimu zaidi, maana wapo watu wanaojenga tofali kwa tofali. Lakini tuzitembelee nyumba zetu kwa haki. Tutaona vigae sebuleni, madirisha ya alumini, dari ya jasi yenye maua na taa za rangi, geti la chuma lenye simba wawili. Tutamkuta mwenye nyumba aliyebishania roli la waya dukani Kariakoo mpaka akapewa la bei ya chini, ambalo ukilikwangua kwa kisu shaba inatoka na weupe wa alumini unaonekana, au lililoandikwa 2.5 na ndani yake haifiki. Breka ya uvujaji haifiki bei ya geti. Tatizo letu ni kwamba geti linaonekana na barabara nzima.

Ya nne, ambayo ni ya wenye nyumba peke yetu, ni kuwalaumu wapangaji. Tunabandika karatasi ukumbini: Hairuhusiwi pasi. Hairuhusiwi jiko. Hairuhusiwi birika. Kisha tunapokea kodi ya miezi sita mbele, na LUKU ni moja kwa vyumba vyote, na kila siku ni ugomvi wa nani amemaliza yuniti. Mama mwenye watoto watatu wa shule atawanyooshea sare kwa nini? Karatasi ile haiwalindi wapangaji. Inamlinda mwenye nyumba, apate wa kumlaumu siku dari itakapotoa moshi. Najua, kwa sababu yangu nilikuwa nimeiandika kwa mwandiko mzuri wa ubaoni.

Na hapa siwezi kuwaacha walimu wenzangu. Juni 1994 bweni la Shauritanga, Rombo, liliungua usiku na wasichana zaidi ya 40 wakateketea. Mshumaa ulitajwa kuwa chanzo. Wakuu wa shule wote nchini tulitetemeka. Tulipiga marufuku mishumaa mabwenini, tukapekua masanduku, na shule zilizopata umeme zilimshukuru Mungu kwamba hatari imeondoka. Hatukujiuliza kuhusu bweni la wanafunzi 60 lenye soketi mbili, na nyaya za kuunga zinazopita chini ya magodoro usiku kucha. Tulijifunza kuogopa mshumaa, hatukujifunza kuogopa waya uliolemewa, ingawa ndani ya maktaba zetu kulikuwa na vitabu vinavyoeleza yote niliyoyaeleza hapa. Tulifundisha umeme kama hesabu ya mtihani. Mwanafunzi wangu aliyepata alama za juu angeweza kukokotoa ukinzani wa waya wa mita 10, lakini hakuwahi kushika uzi wa fyuzi, wala kufunga plagi kwa mikono yake. Namna hiyo tulitoa wasomi ambao sasa ndio wenye nyumba.

Wapo watakaosema kwamba mzee huyu anaogopa maendeleo. Siogopi. Umeme uliingia Dar es Salaam mwaka 1908, wakati wa Wajerumani, kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji walimokaa wao. Wazazi wetu hawakuhesabiwa. Leo bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, la megawati 2,115, limeingiza umeme katika gridi tangu mwaka 2024. Mwaka huohuo Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, ikilenga asilimia 80 ya Watanzania waache kuni na mkaa ifikapo 2034. Ni jambo jema. Nimezika ndugu waliokohoa moshi wa kuni maisha yao yote. Lakini sufuria la umeme haliulizi waya wako una umri gani. Linachomekwa kwenye nyumba za Tandale na Mburahati zilizofungwa nyaya wakati kila chumba kilikuwa na balbu moja. Tumeleta mto mzima mpaka mlangoni, na ndani tuna mrija.

Tukumbuke pia kwamba vichochoro vyetu havipitishi gari la zimamoto. Namba 114 utaipiga, na wataitika, lakini gari litasimama barabarani na mpira wa maji hautafika nyumba ya sita. Katika mitaa yetu moto haupaswi kuanza kabisa.

Ninachowataka wenye nyumba wenzangu si kikubwa. Mwite fundi mwenye leseni, azime swichi kuu, afungue dari, akuonyeshe kwa macho yako waya upi unakwenda wapi na una namba gani. Viungio vya kusokota na tepu vitolewe, viwekwe vya skrubu ndani ya boksi. Kila breka ilingane na waya wake. Soketi zigawanywe, na jiko lipewe njia yake. Fimbo ya ethi izikwe ya kweli na ipimwe, na breka ya uvujaji iwekwe, na kitufe chake kijaribiwe mara kwa mara. Plagi inayopata joto mkononi isirudishwe ukutani. Kisha, na hili ndilo gumu, karatasi ya marufuku ibanduliwe, na mahali pake iandikwe nyumba inaweza kubeba nini. Mpangaji anayelipa kodi ana haki ya kujua hilo kuliko kujua siku ya kufagia uwanja.

Mimi nilifanya hivyo mwaka 2017. Ilinigharimu kuliko mlango wa mninga, kwa sababu kufumua ni ghali kuliko kujenga. Lakini kulikuwa na deni lingine. Mwaka 2019 nilimtafuta mama mshonaji, nikaambiwa amehamia Chamazi. Alinipokea vizuri. Akasema, "Shikamoo, Mwalimu," akaniwekea kiti, akatuma mtoto alete soda. Nilimweleza yaliyokuwemo darini. Nikamrudishia mchango aliotoa, na fedha ya cherehani na vitenge juu yake. Alizihesabu taratibu, akazifunga kwenye pindo la khanga.

Kisha akasema, "Mwalimu, fedha nimepokea na Mungu akubariki. Ila siku ile ulinisema mbele za watu."

Sikuwa na jibu pale Chamazi. Wale majirani wa uani wengi wamehama, wengine wamefariki, na siwezi kuwakusanya tena. Ndiyo maana nimeiweka sura hii katika kitabu hiki, ingawa inanivunjia heshima mbele ya wanafunzi wangu. Nasema mbele za watu: pasi yake haikuwa na kosa, na umeme haukuwa na kosa. Waya ule niliuchagua mimi.